Mgeni wa hotelini naye ana haki ya kutibiwa

Ukiambiwa kwamba mwomba hifadhi amepewa chumba hotelini huko Uingereza, huenda ukadhani ameula. Kumbe hayuko likizoni. Tangu 2020 serikali ya nchi hiyo imewaweka maelfu ya watu hotelini wakingoja kesi zao ziamuliwe. Familia nzima yaweza kubanana chumba kimoja kwa miezi mingi, na siku yoyote ikahamishiwa mji mwingine.

Hapo ndipo ugonjwa huzidi kuwatesa. Mja mzito aliyekwisha kuzoea kliniki moja hulazimika kuanza upya. Mgonjwa wa kisukari huishiwa na dawa asijue pa kwenda. Wengine hunyamaza wakihofu kwamba watadaiwa pesa wasizo nazo.

Hofu hiyo haina msingi. Katika England, mtu yeyote aweza kujiandikisha bure kwa daktari wa mtaa anamoishi. Si lazima aonyeshe pasipoti wala hati ya makao, na anwani ya hoteli yatosha. Akikataliwa, ana haki ya kuelezwa sababu kwa maandishi. Hospitalini pia, anayengoja uamuzi hatozwi. Isitoshe, cheti kiitwacho HC2 humwezesha kupata dawa, kutibiwa meno na kupimwa macho bila kulipa.

Shida, basi, huanzia dirishani pa mapokezi. Karani asiyejua kanuni hudai pasipoti, na mgonjwa huondoka kimya. Ndiyo sababu shirika la Doctors of the World lina mpango wa kuwaelimisha wafanyakazi wa kliniki hizo.

Wakenya wengi wana jamaa wanaofanya kazi huko, wakiwemo wauguzi. Iwapo una dada au binamu huko, mwombe amsindikize mgonjwa kliniki, amsaidie kujaza fomu na kumwitishia mkalimani. Mkalimani halipiwi na mgonjwa, na Mkongomani aweza kuomba anayejua Kiswahili. Mtoto asigeuzwe mkalimani, kwani kuna mambo ambayo mama hawezi kuyatamka mbele ya mwanawe.

Aidha, anayehamishwa abebe orodha ya dawa zake na kadi za chanjo za watoto, na ajiandikishe upya mara afikapo, asingoje kuugua.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye sharti apone.