Ndoa ya Miaka Mingi Ikiingiliwa na Demensia

Demensia ni hali inayoupunguzia ubongo, mwaka hadi mwaka, uwezo wa kukumbuka, kufikiri, kuzungumza na kuamua mambo, mpaka mtu ashindwe kujihudumia. Husababishwa na magonjwa kadhaa. Linaloongoza ni Alzheimer, ambalo kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani huchangia asilimia 60 hadi 70 ya wagonjwa wote. Mwaka 2021 watu wapatao milioni 57 duniani walikuwa wakiishi na demensia, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Umri mkubwa huongeza hatari, lakini wako wazee wengi wanaofika miaka 90 na akili zao timamu, kwa hiyo kusema "ni uzee tu" ni kumnyima mgonjwa nafasi ya kupimwa.

Katika Alzheimer, protini iitwayo amiloidi hujikusanya nje ya seli za ubongo, na nyingine iitwayo tau hujisokota ndani ya seli hizo. Sehemu inayohifadhi kumbukumbu mpya huwa miongoni mwa za kwanza kuharibika. Ndiyo maana mume anaweza kusahau kwamba amekunywa chai nusu saa iliyopita, lakini akasimulia siku ya harusi yake pamoja na majina ya waliohudhuria. Familia isiyolijua hilo humdhania anajifanya.

Mara nyingi ndoa ndiyo inayoonyesha dalili mapema kuliko kitu kingine. Auguste Deter, mgonjwa wa kwanza kuelezwa na daktari Alois Alzheimer, alilazwa Frankfurt mwaka 1901 akiwa na miaka 51. Miongoni mwa dalili zake za mwanzo ulikuwa wivu mkali dhidi ya mume wake. Shutuma za namna hiyo bado zinaumiza nyumba nyingi: mke aliyeishi kwa uaminifu miaka 40 anaambiwa ana mwanamume nje, au mume anatuhumiwa kuiba pesa ambazo mgonjwa mwenyewe amezificha akasahau. Anayeshutumiwa hujitetea, ugomvi ukazuka, na watoto wakaanza kuchagua upande kabla hajaitwa daktari.

Utambuzi ukishathibitishwa, kinachobadilika kwanza ni mgawanyo wa kazi. Aliyekuwa akisimamia pesa hawezi tena kuhesabu chenji. Aliyekuwa akipika anasahau moto jikoni. Mwenzake anabeba yote, na juu yake anaongeza kuogesha, kuvisha, kubadilisha pampasi na kukesha. Jioni jua likizama wagonjwa wengi huingiwa na wasiwasi, wakataka "kwenda nyumbani" ilhali wamo nyumbani mwao. Lakini kwa waliopendana, kazi hizo si mzigo mkubwa kuliko yote. Kizito zaidi ni kubaki peke yako na kumbukumbu mlizozijenga wawili. Utani wa miaka, majina mliyoitana, shida mlizozivuka, vyote sasa vina shahidi mmoja. Huzuni hiyo ni msiba kamili, ingawa hakuna tanga lililowekwa wala majirani waliokuja kutoa pole.

Familia ya Jaji Sandra Day O'Connor wa Marekani iliyapitia hayo hadharani. Yeye na mume wake John, mwanasheria, walikutana wakisoma Chuo Kikuu cha Stanford, wakaoana Desemba 1952 na kupata wana watatu. Mwaka 1981 Sandra aliteuliwa kuwa mwanamke wa kwanza katika Mahakama ya Juu ya nchi hiyo, na John akaiacha kazi yake ya uwakili Arizona ili amfuate Washington. Alzheimer ilipompata John, ikakaa naye kwa karibu miaka 20. Kuna wakati Sandra alikwenda naye ofisini kwa sababu hakuweza kumwacha peke yake. Mwaka 2005 alitangaza kustaafu, ili apate muda wa kuwa na mume wake. Lakini ugonjwa haukumsubiri, na mwaka uliofuata John alihamishiwa kituo cha kulelea wagonjwa huko Phoenix.

Huko kituoni John, ambaye hapo awali alikuwa na huzuni, alimpenda mwanamke mwingine mgonjwa. Mwaka 2007 mmoja wa wana wao aliieleza televisheni ya pale kwamba mama yao alifarijika kumwona baba ametulia, hata alipomtembelea akamkuta ameshikana mkono na mwanamke huyo. Wengi walishangaa. Madaktari wa wazee hawakuwa na sababu ya kushangaa, kwani hamu ya kuguswa na kuwa karibu na mtu hubaki muda mrefu baada ya majina na nyuso kupotea. John hakuwa amemwacha mke wake; ugonjwa ulikuwa umemfutia habari kwamba anaye. Kulipokea hilo bila kinyongo baada ya zaidi ya miaka 50 ya ndoa ni upendo wa hali ya juu, na mwenzi ambaye hawezi kufika hapo hastahili lawama yoyote. John alifariki Novemba 2009. Mwaka 2018 Sandra mwenyewe alitangaza kwamba ameanza kupata demensia, na alifariki Desemba 2023.

Afrika Mashariki vituo vya namna hiyo ni vichache, na uangalizi hubaki nyumbani, kwa kawaida mikononi mwa mke, binti au mkwe. Ndugu wa mbali wanaopiga simu mara moja kwa mwezi huzungumza na mgonjwa dakika tano, wakamkuta mchangamfu, kisha wakamwambia anayemuuguza kwamba anakuza mambo. Wiki moja ya kulala nyumba ile ingewaonyesha ukweli. Kuna pia hatari kubwa kuliko maneno ya ndugu: Tanzania, hasa Kanda ya Ziwa, wanawake wazee wameshambuliwa na kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na bibi aliyepotea usiku akakutwa mlangoni kwa jirani anaweza kueleweka vibaya. Majirani wakielezwa mapema kwamba huyu ni mgonjwa, analindika.

Dawa zilizopo hazirudishi kilichopotea. Zipo zinazopunguza makali kwa muda. Kinachoituliza nyumba zaidi ni namna ya kuongea. Mzee anayemuulizia mama yake aliyekufa zamani, akiambiwa amekufa, huupokea msiba huo upya kila mara. Afadhali aombwe asimulie mama huyo alikuwaje. Mambo ya wosia, hati za shamba na akaunti za benki yashughulikiwe mgonjwa angali anaelewa anachokisaini, na wana wote wakiwepo. Anayeuguza apewe zamu ya kupumzika iliyopangwa kwa siku maalumu, maana ahadi ya "tutakuja tukipata nafasi" haimpi usingizi.

Mwishoni mgonjwa hushindwa kutembea na kumeza, na wengi hufariki kwa nimonia. Mwenzi aliyebaki huona ahueni, kisha akajilaumu kwa ahueni hiyo. Hali zote mbili ni za kawaida kwa waliouguza muda mrefu. Shinikizo lake la damu, meno yake na mgongo wake vinaweza kuwa havijaangaliwa tangu ugonjwa ulipoingia nyumbani, kwa hiyo watoto wampeleke hospitali, na waendelee kumtembelea hata baada ya arobaini kupita.