Kashfa, Baraza na Mfuko wa Mwandishi

Aghalabu watu hudhani kwamba mwandishi aliyesema kweli hana la kuogopa mbele ya jaji. Walakini aliyepata kuichungua sheria ya kashfa kama Waingereza walivyoijenga na kuwarithisha waliowatawala, hakosi kutambua kwamba kuijua kweli ni jambo moja, na kuithibitisha barazani ni jambo jingine, tena la gharama. Kwa desturi ya sheria hiyo, mdai halazimiki kuonyesha kwamba yaliyoandikwa ni uongo. Yamtosha kuonyesha kuwa yametangazwa, yanamhusu, na yanamshushia hadhi, na hapo mzigo wa kuthibitisha humwelemea mwandishi.

Jambo hilo lilidhihirika London, pale kikundi kidogo kiitwacho London Greenpeace kilipotoa, mwaka 1986, kijikaratasi cha kuilaumu kampuni ya McDonald's juu ya vyakula vyake, ujira wa wafanyakazi, mateso ya wanyama na matangazo ya kuwavuta watoto. Mwaka 1990 kampuni iliwashtaki watu watano. Watatu wakaomba radhi, na wawili, Helen Steel na Dave Morris, wakakataa katakata. Hawakuwa na mali, na serikali haikuwa ikitoa msaada wa mawakili kwa kesi za kashfa. Basi wakajitetea wenyewe, wakipata nasaha bila malipo kwa wanasheria wachache, miongoni mwao kijana Keir Starmer, ambaye miaka mingi baadaye alikuja kuwa Waziri Mkuu. Kesi ilichukua siku 313 barazani, ikasikiliza mashahidi wapatao 130, na hati zake zilikaribia kurasa 40,000. Juni 1997 jaji aliona kwamba baadhi ya shutuma, kama ile ya matangazo kwa watoto na ile ya ukatili kwa baadhi ya wanyama, zilikuwa za kweli. Ila kwa yale yasiyothibitika aliwatoza fidia ya pauni 60,000, ambazo Mahakama ya Rufaa ilizipunguza hadi 40,000.

Mwaka 2005 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya, huko Strasbourg, ilihukumu kwamba wawili hao hawakutendewa insafu, madhali walinyimwa msaada wa wakili mbele ya kampuni yenye mali kama ile. Sheria ya kashfa ya Uingereza ya mwaka 2013 iliitaka kampuni ya biashara ionyeshe kwanza kwamba imepata, au yaelekea kupata, hasara kubwa ya fedha, nami naiona hiyo ni busara, kwani kampuni haina moyo wa kuumia. Afrika Kusini nayo, Novemba 2022, Mahakama ya Katiba ilikubali kwamba daawa iliyofunguliwa ili kuwanyamazisha wasemaji yaweza kukataliwa kwa kuwa ni kuitumia mahakama vibaya. Kenya, Mahakama Kuu iliiondoa kashfa katika makosa ya jinai mwaka 2017, ilhali daawa za madai zimebaki.

Sheria hiyo ya Uingereza ya 2013 humkinga pia mwandishi aliyeamini, kwa sababu za kuridhisha, kwamba kuchapisha habari yake kulikuwa na maslaha kwa umma, hata kama baadaye jambo moja halikuthibitika. Kwa hiyo mwenendo wake hupimwa: je, alimwandikia mshutumiwa kumtaka jibu, akampa wasaa wa kutosha, na jibu hilo akalichapisha? Nakala ya barua hiyo, yenye tarehe, na ihifadhiwe pamoja na hati za asili, kabla ya makala kwenda mtamboni.