Biz ya Kuprinti: Kabla Ununue Mashine ya Kukunja, Anza na ya Krizi

Kama unapanga kufungua duka la kuprinti River Road, skiza hii kabla ganji iishe. Kadi za harusi 300 zikipasuka kwa mkunjo, wino ubanduke na nyeupe ionekane, kastoma halipi. Na harusi ni Jumamosi.

Karatasi ya gramu 80 hadi 150 hukunjika tu fiti. Kuanzia 170 hivi, haswa ikiprintiwa na tona, ipigwe krizi kwanza: chuma inabonyeza mstari bila kukata. Ukikunja, ule uvimbe ukae ndani. Mkunjo pia ufuate nyuzi za karatasi. Chana kipande uone: inakochanika bila kona ndiko nyuzi zinaelekea.

Sasa, mashine gani? Kazi yako ikiwa kadi na menyu, chukua ya krizi ya mkono inayomeza A3, ukunje mwenyewe. Ya kukunja ya stima ngojea ukipata vipeperushi maelfu. Na karatasi ya kung'aa huteleza kwa mashine za kuvuta na raba, kwa hivyo tafuta inayovuta kwa hewa.

Usilipe kabla ujaribu na karatasi yako mwenyewe. Ya muuzaji haipasukangi.