NOTI YA MFALME

Noti ya kale haiwi ghali kwa uzee peke yake. Ninayoitamani mimi kuliko zote ni dola ya Karibi yenye picha ya Mfalme George wa Sita, na sababu yangu ni hii.

Zamani Trinidad, Barbados na Guyana ya Waingereza kila moja ilikuwa na noti zake. Mwaka wa 1950 ikaundwa bodi moja ya pesa kwa makoloni hayo pamoja na visiwa vidogo kama Grenada na Antigua. (Huku Afrika ya Mashariki bodi kama hiyo tulikuwa nayo tangu 1919.) Paundi moja ilikuwa dola 4.80. Sasa hebu mfikirie mwenye duka: noti ni za dola, lakini sarafu ni za Uingereza hadi 1955! Shilingi ilihesabiwa senti 24, peni senti 2. Jameni, mimi ningetokwa na jasho.

Noti hizo zilichapwa Uingereza na kampuni ya Bradbury Wilkinson. Sura ya mfalme ilichongwa katika bamba la chuma, mstari kwa mstari. Bamba hupakwa wino, kisha hupanguswa ili wino ubaki ndani ya mikwaruzo tu, halafu karatasi hugandamizwa juu yake kwa nguvu nyingi. Ndiyo maana noti ambayo haijachakaa ukiipapasa kwa kidole wahisi wino umeinuka.

Noti za kwanza zina tarehe ya 28 Novemba 1950. Kumbe mfalme hakuwa na siku nyingi! Alifariki Februari 1952, na noti za Januari 1953 zikatoka na sura ya Malkia Elizabeth. Ramani ya visiwa ikabaki vile vile. Basi noti za mfalme ni chache, na ile ya dola 100 ndiyo adimu kabisa. Nani angeficha kabatini zaidi ya paundi 20 ati ni ukumbusho? Watu walizitumia. Ya malkia ya dola moja, ile nyekundu, si shida sana kuipata.

Ukibahatika kupata yoyote, tafadhali usiioshe wala kuipiga pasi. Wanunuzi hutambua mara moja, na bei huanguka.

Trinidad ilianza kutoa dola yake 1964, na mwaka uliofuata visiwa vilivyosalia vikapata dola mpya ya Karibi ya Mashariki. Kima cha 4.80 kwa paundi hakikuachwa hadi 1976.