Ujiji ilipoingia ndani ya Kigoma, na Baraka ilipofanywa mji

Wengi wenu mliokimbilia Tanzania wakati wa vita vya 1996 na 1998 mlipita Ujiji au Kigoma kabla ya kupelekwa Lugufu na Nyarugusu. Na wale waliorudi kwa meli kuanzia Oktoba 2005 walipandia Kigoma wakashukia Baraka. Huenda hamkujua kwamba Ujiji na Kigoma, ambazo leo zina halmashauri moja ya manispaa, zilikuwa miji miwili.

Ujiji ndiyo ya zamani. Misafara ya pembe na ya watumwa kutoka Bagamoyo iliishia pale. Burton na Speke walifika mwaka 1858, na mwaka huohuo wakavuka kuja Ubwari, ambayo Burton aliidhania kuwa kisiwa. (Hakuwauliza wavuvi vizuri.) Livingstone na Stanley walikutana Ujiji mwaka 1871. Wajerumani nao walipofika waliweka boma lao huko.

Basi kwa nini Kigoma ikaipita? Kwa sababu ya maji na reli. Mto Lukuga ulipofunguka miaka ya 1870, ziwa lilishuka, na pwani ya Ujiji ikasogea mbali na nyumba. Kigoma ina ghuba yenye kina inayofaa meli kubwa, na reli kutoka Dar es Salaam ilifika huko Februari 1914. Bandari, stesheni na ofisi vikawa Kigoma. Ujiji ikabaki na soko lake, misikiti yake na watu wake: Waha, Wamanyema, Wagoma, na Wabwari waliotoka upande wetu. Mwishowe ikawa sehemu ya mji mmoja. Lakini halmashauri inaitwa Kigoma/Ujiji. Jina halikufutwa, na mimi naona jambo hilo si dogo, kwa sababu mtu wa Ujiji hapaswi kujieleza kuwa anatoka mahali pasipokuwepo.

Kwetu Fizi mambo yanakwenda kwa njia nyingine. Juni 2013 serikali ya Kinshasa ilitoa dekreti iliyopandisha sehemu kadhaa za Kivu Kusini kuwa miji na komine. Baraka ikawa mji wenye komine tatu: Baraka, Kalundja na Katanga.

Tofauti ya maneno haya ni muhimu. Kwa sheria ya Oktoba 2008, mji, komine, sekta na sheferi vina utu wa kisheria: vina bajeti yake na vinaweza kuwa na baraza. Mtaa, au kartie kama tunavyosema, hauna. Vivyo hivyo grupema na kijiji. Kwa hiyo kijiji kikimezwa na mji na kufanywa kartie, ushuru wa soko lake huenda komine, si sekta tena. Chifu wa zamani anaweza kuendelea kuheshimiwa, hata kuamua ugomvi wa ndoa, lakini karatasi ya kiwanja haitoki kwake. Hapo ndipo aliyekimbia huumia: aliacha shamba alilopewa kwa desturi, anarudi anakuta limepimwa viwanja na mwenzake ana hati.

Mfano mkali ni Minembwe, iliyotajwa katika dekreti ileile. Mkuu wa komine hiyo alisimikwa tarehe 28 Septemba 2020. Wengi wa jamii za Babembe, Bafuliru na Banyindu walipinga, wakiona ardhi yao inakatwa. Banyamulenge wengi waliona ni haki ya kujiongoza. Oktoba hiyohiyo Rais Tshisekedi alitangaza kuisimamisha. Katika nyanda za juu watu walikuwa wanauana na kuchoma vijiji tangu kabla ya hapo, kwa hiyo komine si chanzo pekee. Lakini mpaka uliochorwa bila wakazi kuulizwa uliongeza moto.

Viongozi wa makambi na wa mitaa wanaweza kufanya mambo machache mapema. Waulize mpaka unapita wapi: mto gani, barabara gani. Waandike majina ya waliokimbia na mashamba yao, wakiwa pamoja na majirani waliobaki, hata kama ni majirani wa kabila lingine. Na waombe jina la kijiji liandikwe katika karatasi za mtaa mpya, kama Ujiji lilivyobaki katika jina la manispaa.