Ua la Usambara katika Nyumba ya Kariakoo

Miongoni mwa mimea ya maua inayofugwa ndani ya nyumba duniani, ni michache iliyoenea kama ua la Usambara. Asili yake ni misitu ya Tanzania na sehemu ndogo ya Kenya. Katika miaka ya mwanzo ya 1890, Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa serikali ya Kijerumani huko Tanga, alipeleka mmea huu kwao Ujerumani. Mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland wa Hannover aliupa jina la Saintpaulia ionantha. Tangu mwaka 2015 wataalamu wameuweka katika jenasi ya Streptocarpus, lakini jina la zamani bado linatumiwa na wengi.

Aina nyingi za mmea huu huota kama kishada cha majani kilicholala juu ya udongo. Aina ya grotei, ambayo makao yake ni Usambara ya Mashariki karibu na Amani, ina tabia nyingine: shina lake hurefuka, hutambaa juu ya miamba na kuning'inia. Ndiyo iliyotumiwa na wakulima wa maua kuzalisha aina zitambaazo zinazopendeza katika vyungu vya kuning'iniza. Je, mmea huu wa mlimani waweza kuishi katika nyumba ya Kariakoo?

Tatizo la Joto

Amani iko mita 900 hivi juu ya usawa wa bahari. Kwa kawaida joto la hewa hupungua nyuzi 6 hivi za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa hiyo, wakati Dar es Salaam ina nyuzi 32 mchana wa Januari, Amani huwa na ubaridi zaidi. Ua la Usambara hustawi kati ya nyuzi 18 na 25. Joto likizidi hapo kwa muda mrefu, maua hupungua, na mizizi iliyo katika udongo uliolowa huoza upesi.

Zamani nyumba nyingi za Kariakoo zilikuwa za chini, zenye ua na kivuli. Leo maghorofa ya saruji yamechukua nafasi ya nyingi kati ya hizo. Saruji hufyonza joto mchana na kulitoa polepole usiku. Kwa sababu hiyo chungu kisiwekwe juu ya kingo ya dirisha lipigwalo na jua wala kuegemezwa ukuta wa magharibi.

Chungu cha udongo usiopakwa rangi chafaa kuliko kopo la plastiki. Maji hupenya kuta zake na kugeuka mvuke, na kila gramu moja ya maji yanayogeuka mvuke huchukua joto la jouli 2,400 hivi. Hii ndiyo kanuni ipoozayo maji ya mtungi.

Mwanga

Mmea huu wahitaji mwanga mwingi usio wa jua kali, kama ule upenyao katika matawi ya msitu. Vitabu vingi vya Ulaya hushauri dirisha la kaskazini. Ushauri huo usifuatwe bila kufikiri, kwa maana Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta. Tangu mwanzo wa Machi hadi mapema Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini. Miezi mingine huwa kusini. Yafaa basi chungu kihamishwe kadiri ya majira, au kiwekwe hatua moja au mbili ndani ya chumba.

Udongo na Maji

Huko porini mizizi yake hushika tabaka jembamba la mboji na kuvumwani juu ya mwamba. Kwa hiyo chungu kiwe kifupi, na udongo uwe mwepesi: mboji ya majani, mchanga, na vumbi la makumbi ya nazi lililooshwa ili kuondoa chumvi.

Maua haya hufa kwa wingi wa maji kuliko kwa kiu. Udongo uguswe kwanza kwa kidole. Ukiwa bado na unyevu, usimwagiwe. Maji yawe na joto sawa na la chumba. Maji ya jokofu yakidondokea majani yenye joto, seli za ndani huharibika na madoa ya rangi hafifu hubaki.

Kuzalisha

Jani moja pamoja na kikonyo chake, likichomekwa katika mchanga wenye unyevu, hutoa mizizi baada ya wiki chache, kisha miche midogo. Katika aina zitambaazo, ncha ya shina ikikatwa, homoni ya auksini itokayo nchani hupungua, na vichipukizi vya pembeni hupata nafasi ya kukua. Chungu hujaa upesi.

Jaribio la Darasani

Wanafunzi wachukue chungu cha udongo na kopo la plastiki vyenye ukubwa sawa, wavijaze udongo wa namna moja na kuvitia maji kwa kipimo kimoja. Wavipime uzito asubuhi, na saa nane mchana wapime uzito tena pamoja na joto la udongo. Tofauti ya uzito itaonyesha maji yaliyopotea. Joto litaonyesha faida yake.

Jambo la mwisho ni zito. Aina kadhaa za porini zimebakia katika maeneo madogo sana, na msitu ukikatwa miamba hukauka nayo hutoweka. Mmea using'olewe Usambara ili kupamba nyumba ya mjini: jani moja kutoka kwa jirani anayeufuga latosha. Mamilioni ya vyungu vya Ulaya na Marekani yana mimea iliyochanganywa na kubadilishwa na wakulima; chimbuko lake lingali katika miamba ile ya Tanga, na likipotea huko haliwezi kurudishwa na chungu chochote.