Mba Nayo Ina Chakula Chake

Kabla msusi hajashika rasta, hupasua njia ya kwanza kwa mkia wa kitana, kisha huinama na kutazama. Njia ikifunguka, ngozi ya kichwa hujieleza yenyewe. Kuna iliyotulia, na kuna iliyojaa magamba meupe yenye unyevu wa mafuta, mengine yamenasa kwenye mashina ya nywele, mengine yanadondoka begani kama chenga za unga. Hapo ushauri huanza kumiminika kutoka viti vyote. Huyu atakwambia uache nyama, yule mayai, wa tatu atasema kichwa kimekauka, kipake mafuta ya nazi.

Ushauri huo nimeusikia tangu utotoni, na ule wa mafuta nimeufuata kwa miaka mingi. Nilipoanza kusoma yaliyoandikwa na watafiti wa ngozi, niligundua kwamba tulikuwa tunauliza swali upande mmoja tu. Tunauliza mwenye mba amekula nini. Kichwani pake yupo mlaji mwingine.

Mwaka 1874 tabibu Mfaransa, Louis-Charles Malassez, alieleza vijidudu vya fangasi alivyoviona kwenye magamba ya ngozi ya kichwa. Fangasi hao, wa jamii ya hamira, wanaitwa Malassezia hadi leo, kwa heshima yake. Wanaishi kwenye kichwa cha karibu kila mtu mzima, msafi na asiye msafi, mwenye mba na asiye nayo, kwa hiyo ile aibu ya kudhani mba ni uchafu haina msingi. Mwaka 2007 wanasayansi walichapisha orodha nzima ya jeni za mmoja wao, Malassezia globosa. Walikuta jeni zaidi ya 4,200, lakini ile ya kutengenezea asidi za mafuta haikuwemo. Kiumbe huyu hawezi kujitengenezea mafuta anayohitaji ili aishi. Lazima ayapate kwetu.

Namna anavyoyala ndiyo inayoleta mba. Hutoa vimeng'enya vinavyokatakata mafuta yanayotoka kwenye tezi za ngozi, huchukua vipande anavyovitaka na kuacha vingine, hasa asidi ya oleiki. Mabaki hayo yakipenya kwenye ngozi isiyoyavumilia, ngozi huwashwa na kujitetea kwa kuzalisha seli haraka kuliko kawaida. Seli ambazo zingepukutika moja moja bila mtu kuziona hung'oka kwa mafungu, nasi tunaona magamba. Watafiti waliwahi kupaka asidi hiyo kwenye vichwa vya watu wa aina mbili. Wenye asili ya kupata mba walitoka magamba, wengine hawakutoka. Ndiyo maana ndugu wawili wanaokula sufuria moja wanaweza kutofautiana kabisa vichwani.

Sasa rudi saluni, kwenye ule ushauri wa mafuta. Maabara zinazofuga Malassezia humwekea mafuta ili aote, na mafuta ya zeituni yametumika kwa kazi hiyo kwa miaka mingi; tena sehemu yake kubwa ni ile ile asidi ya oleiki inayowasha. Mafuta ya nazi nayo, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, iliyo miongoni mwa zile ambazo fangasi huyu anaweza kuzitumia. Mafuta hulainisha magamba na kuyalaza, kwa hiyo kwa siku mbili tatu kichwa huonekana kimepona, ndipo muwasho unarudi. Siwatukani wazee wetu wa pwani. Mafuta ya nazi huusaidia unywele wenyewe, hupunguza kupotea kwa protini zake wakati wa kuosha. Hukumu yangu ni hii: mwenye mba ayapake kwenye nywele, aache ngozi.

Na sahani yetu je? Ipo njia ya kutoka tumboni hadi utosini, ila ni ndefu. Tezi za mafuta huongozwa na homoni, na ndiyo sababu mba huchipuka wakati wa balehe. Insulini, inayopanda tukila wanga uliokobolewa na sukari kwa wingi, ni mojawapo ya zinazozisukuma tezi hizo. Ushahidi wa jambo hili ni mzuri zaidi kwa chunusi kuliko kwa mba. Kwa upande wa mba, utafiti ninaouthamini ulifanyika Rotterdam, Uholanzi, ukachapishwa mwaka 2018. Ulihusu watu 4,379 wa makamo na wazee, na kati yao 636 walikuwa na seborea, ndugu mkubwa wa mba, ambayo magamba yake hushuka hadi kwenye nyusi na pembeni mwa pua. Waliokula matunda kwa wingi walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kuwa nayo, kwa takriban robo. Kwa wanawake waliopendelea zaidi nyama, viazi na pombe, uwezekano uliongezeka karibu nusu. Utafiti wa namna hii unaonyesha mambo yanayokwenda pamoja, hauthibitishi kwamba embe linatibu mba. Lakini nyanya, mapapai na machungwa ni vyakula ambavyo kwa kawaida daktari hakukatazi.

Penye njaa ya virutubisho, uhusiano ni wazi zaidi. Mtoto mwenye kwashakoo nywele zake hupauka, huwa nyepesi na kung'oka bila maumivu. Aliyepungukiwa vitamini B2, inayopatikana kwenye maziwa, maini, mayai na mboga za majani, hupasuka pembe za midomo na kutoka magamba ya mafuta pembeni mwa pua. Ukosefu wa madini ya zinki huiharibu ngozi na kudumaza mwili. Daktari Ananda Prasad aliligundua jambo hilo akianzia Shiraz, Iran, kwa vijana waliodumaa ambao chakula chao kilikuwa karibu mkate mtupu. Ngano ile ilikuwa na fitati, inayokamata zinki tumboni isifyonzwe. Fitati hiyo hiyo imo kwenye mahindi na maharage yetu, na jikoni kwetu dawa yake ni ya zamani: kuloweka maharage na kumwaga maji, na kuchachusha unga wa uji usiku kucha. Dagaa waliwao wazima na mbegu za maboga huongeza zinki yenyewe.

Wanaokunywa mayai mabichi ili nywele zistawi wajue kwamba ute wake hukamata biotini, vitamini ambayo ngozi na nywele huihitaji. Yai lichemshwe. Na anayekula vya kutosha hatapona mba kwa kumeza vidonge vya vitamini. Mtu huyo anahitaji shampuu ya kupunguza fangasi, kama yenye ketokonazoli, iachwe kichwani dakika chache kabla ya kusuuzwa. Hata zinki iliyomo kwenye baadhi ya shampuu humshambulia fangasi palepale kwenye ngozi. Haina uhusiano na ile ya dagaa.

Nawaomba wazazi jambo moja. Mtoto wa shule mwenye magamba kichwani, na nywele zimekatika kwa mabaka ya duara, hana mba wala hajakosa matunda. Hayo ni mapunye, yanaambukiza kwa kitana, kofia na mashine ya kunyolea, na hutibiwa kwa vidonge kutoka kituo cha afya. Na mtu mzima ambaye magamba yamemtapakaa ghafla usoni na kifuani, na hayaondoki kwa shampuu, aende akapimwe Virusi Vya Ukimwi. Seborea kali ya namna hiyo huwa mara nyingine dalili ya mapema, na dawa za virusi hivyo zinapatikana bure katika vituo vya serikali.